Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Nyakahanga, Karagwe
9 Agosti 1992

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naichukua marahaba yako mapema, kabla hujafika katikati ya barua hii, maana naogopa ukifika huko utaninyima. Bibi uliyekwenda kumuuguza anaendeleaje? Je, miguu inamruhusu kufika jikoni kuwagombeza wapishi? Ukinijibu kwamba bado anagomba, nitajua ni mzima na moyo wangu utatulia. Na wewe mwenyewe, lile bega lako likoje na baridi hii ya asubuhi? Usiniambie kwamba halina neno. Jibu hilo nimelizoea tangu utotoni.

Sisi huku tunapumua. Kahawa imeiva yote kwa pamoja, tunachuma mpaka vidole vinanata, na uani hakuna pa kukanyaga kwa mikeka ya kuanikia. Upepo uliangusha migomba kadhaa upande wa chini wa kibanja, ile uliyoipanda mwenyewe karibu na mpaka, lakini iliyobaki nimeitegemeza kwa miti. Mbuzi wako wa pembe moja amezaa mapacha na sasa anatembea kwa maringo kuliko mke wa mwenyekiti.

Barua hii nampa utingo wa lori la kahawa linalokuja huko, naye ameniapia kwamba ataitia mkononi mwako. Isome mwenyewe, Mama. Usimpe mjomba akusomee, wala mtoto wa shule. Ulihangaika na kisomo cha watu wazima mpaka ukapewa cheti, basi leo kitumie, hata kama itakuchukua jioni nzima. Nina haraka ya kukufikia kabla ya baba mdogo Rwegoshora. Anasema atakuja Isingiro kukueleza jinsi mwanao alivyoiaibisha nyumba ya marehemu baba, na nikishaelezwa na yeye nitakuwa nimeota mkia na pembe.

Maagizo yako yalinifikia. Baba mdogo aliniambia umesema hivi: Adventina amekaa kwetu vya kutosha, Telesfori akija na kibuyu chake cha rubisi ya ndizi niipokee, niinywe na wazee, nimrudishe dada yangu kwa mumewe siku hiyohiyo, kwa sababu nyumba ya mtu haiachwi msimu wa kahawa. Uliongeza kwamba watoto wa Telesfori wana adabu, na mtu anayelea watoto wenye adabu namna ile hawezi kuwa mbaya sana. Maneno hayo ya mwisho nimeyatafuna siku nzima nikiwa juu ya ngazi ya kuchumia, na ndiyo yaliyonifanya nikae chini kuandika.

Tangu tulipomzika baba na mimi kukalishwa kwenye kiti chake, ni mkono wangu unaovuta kizibo cha kibuyu mume anapokuja kumkomboa mkewe. Nikivuta na kuonja, wazee wanakunywa, kosa limekwisha, mke anafunga kitambaa kichwani na kumfuata mtu wake. Nisipovuta, hakuna awezaye kugusa, hata awe na kiu kama ya baba mdogo. Hayo unayajua kuliko mimi, Mama. Nayaandika tu ili uelewe kwamba na mimi nilijua vizuri nilichokuwa ninaulizwa siku ile.

Adventina alifika siku ya gulio la Kayanga, watu wakiwa barabarani, kwa hiyo walimwona wote. Taya lilikuwa limevimba, mguuni ana ndara moja, na mgongoni amembeba mwanawe Egbert, ambaye kwa miaka yake minne si mtoto wa kubebwa tena. Binti yake Joviana alibaki kwa baba yake. Alikuwa ametumwa kisimani mama yake alipokimbia, na hata angekuwepo, ungesema mwenyewe kwamba watoto ni wa ukoo wa baba na haifai kuwahamisha. Nilimuuliza dada kilichompata usoni akasema alijigonga mlangoni. Nikamwambia mlango huo una vidole vitano, maana alama zilikuwa zinaonekana. Hakucheka. Aliomba ungo akakaa kupembua kahawa, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta.

Sasa nikueleze habari za Egbert. Ulimwona Pasaka ukamsifu. Baba mdogo naye alipokuja kumpa pole Adventina alimkuta amekaa ukutani palepale tulipomweka asubuhi, mikono magotini, hagusi kitu, hasumbui mtu, akasema laiti watoto wa siku hizi wote wangekuwa hivyo. Mimi pia nilimsifu, sitajitoa. Mtu mwenye kahawa ya kuanika hufurahi kupata mtoto asiyekanyaga mikeka. Kwamba hasemi, Adventina alisema ni aibu ya ugenini tu.

Kisha siku moja alimwaga uji. Uji mdogo tu, kikombe kilimponyoka. Hakulia wala hakunitazama. Alitoka nje, akarudi na kijiti alichochomoa kwenye maharage yanayotambaa, akakiweka karibu na mguu wangu, akalala kifudifudi juu ya nyasi za sakafuni na kukunja mikono chini ya tumbo. Akasubiri. Mimi nilibaki nimesimama kama mjinga. Niliinua macho nikamwona Adventina mlangoni, naye akaniambia, kwa sauti ileile ya kuniambia maji yamechemka, kwamba nimguse kidogo tu na kile kijiti, la sivyo hatainuka.

Sikumgusa na kijiti. Nilimwinua kwa mikono yangu, na nilipomwinua alijikojolea, mkojo ukanichuruzika mpaka tumboni, na mwili wake wote ulikuwa mgumu kama ukuni. Mama, hiyo ndiyo adabu tuliyokuwa tunaisifu.

Nilimpeleka kliniki hapa hospitalini, pamoja na mama yake. Muuguzi anaitwa Therese, mama wa makamo, wazazi wake walitoka Rwanda zamani wakalima vibarua hukohuko kwenu. Alitikisa funguo nyuma ya kichwa cha mtoto kujua kama anasikia. Egbert alisikia, tena upesi, na akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili. Alipomweka kwenye mizani alishangaa, akamuuliza Adventina kama kweli ana miaka minne, maana uzito ule ni wa mtoto wa miaka miwili. Akauliza kama aliwahi kusema. Adventina akakubali kwamba alianza vizuri, alikuwa akisema maji, akisema mama, akimwita dada yake kwa jina la kufupisha, kisha akaacha. Muuguzi akauliza aliacha kulipotokea nini. Dada yangu akawa anatazama picha ya ukutani ya kunyonyesha, akaitazama mpaka nikadhani anajifunza kusoma.

Therese hakumkaripia. Alisema masikio ni mazima na ulimi ni mzima. Alisema mtoto anayeishi kwa kusikiliza nyayo za mtu, za leo zikoje, nzito au nyepesi, hutumia nguvu zake zote katika kusikiliza, na hakibaki kitu cha kukulia wala cha kusemea. Dawa hakutupa. Alisema mtoto ale, azungumzishwe, asipigwe, na asirudishwe mahali anapolazimika kusikiliza.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa namfikiria Egbert, halafu nikajikuta namfikiria mtoto mwingine. Unakumbuka kwamba mimi sikujua kusoma mpaka darasa la nne? Mwalimu aliniita gogo. Ulinipeleka kwa yule mzee wa kule mlimani akanichanja kifuani, akasema kuna mtu ananifunga akili. Hakuna aliyenifunga. Nilikuwa nakaa darasani nikisikiliza barabara, kwa sababu baba alipita pale akitoka vilabuni, na kwa mlio wa viatu vyake niliweza kujua jioni yetu itakuwaje. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, mimi niko barabarani. Kigugumizi changu nacho unakijua. Mtu mzima akipandisha sauti kidogo, maneno yananiganda mdomoni hata leo, mwanaume mwenye ndevu.

Watu hapa husema vita ndiyo iliyomharibu baba. Kwamba alikwenda na mgambo mwaka ule wa sabini na nane akiwa mtu, akarudi akiwa kitu kingine. Ni maneno mazuri ya kusema msibani. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba bega lako lilivunjika kabla ya vita.

Nilimuuliza Adventina siku moja tukichuma kwa nini alimkubali Telesfori, wakati yule mwalimu mpole wa Kayanga alikuwa amekwisha leta washenga. Alisema mwalimu alimtia hofu. Nikadhani ananitania. Akaniambia hapana, mtu yule alikuwa kimya na mwenye tabasamu, hakuweza kujua ataanza lini na ataanzia wapi, lakini Telesfori alimwelewa siku ya kwanza tu, alikuwa kama baba, na mtu kama baba yeye anajua kukaa naye. Alikuwa na miaka kumi na saba. Niliteremka kwenye ngazi nikaenda kukaa upande wa pili wa mti ili asione uso wangu.

Basi nikatuma neno kwa Telesfori kupitia kwa baba mdogo. Nilisema aje Jumapili baada ya misa, alete rubisi yake, na kibuyu akibebe Joviana, kwa kuwa mama yake amemkumbuka. Sikusema uongo hapo. Nilichofanya ni kutomaliza maneno. Kisha nikamwomba balozi wa nyumba kumi na katekista waje kukaa nasi, wakadhani nawaita kwenye kinywaji.

Alikuja amependeza, huwezi kumtoa kasoro. Shati jeupe limepigwa pasi, baiskeli inang'aa, sabuni ya Adventina kwenye mfuko. Telesfori si mtu wa kutisha ukimwona. Anaimba besi kwaya ya parokia, na mvua ikianza atakimbia kukusaidia kuanua kahawa yako kabla ya yake. Alimwinamia baba mdogo, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akasema shetani alipita kati yake na mkewe, na sasa shetani ameondoka. Baba mdogo alikuwa amekwisha futa kikombe chake kwenye shati.

Joviana aliingia nyuma ya baba yake akiwa na kibuyu kichwani. Amekuwa mrefu, lakini mabega yamemwingia ndani kama ya kizee. Alikitua katikati, kwenye nyasi mbichi ambazo Adventina alizitandika asubuhi, akaja kunipigia magoti kuniamkia. Nilipomwekea mkono kichwani alininong'oneza. Alisema, "Mjomba, kunyweni."

Mama, hapa ndipo naomba uweke barua chini kidogo, unywe maji, kisha uendelee.

Nilikijua kile kinong'ono. Mimi ni mtu pekee chumbani mle aliyejua mtoto yule alikuwa anaomba nini, na kila mtu mwingine angedhani anamtaka mama yake. Ulipokuwa ukikimbilia Isingiro kwa babu, sisi tulibaki na baba. Hukuwa na namna, sikulaumu. Lakini hujawahi kutuuliza siku zile zilikuwaje, na sisi hatukusema. Mkono wa baba ulizoea kutua kwako, na wewe usipokuwepo ulitua kwetu, na zaidi kwangu, kwa sababu Adventina alikuwa mwepesi wa kujificha. Hapo ndipo nilipojifunza kumsaidia baba kutengeneza pombe. Unakumbuka alivyokuwa akisema kwamba Elpidius ana bidii ya kukamua ndizi kuliko watoto wote? Nilikata nyasi za kukamulia mwenyewe. Nilikanyaga ndizi mpaka miguu inachubuka. Nilikaanga mtama. Nilijua rubisi ikiwa tayari atakwenda kwa babu, babu atavuta kizibo, na wewe utarudi. Nilisali babu anywe. Nilisali sala ya mtoto mwenye imani hasa, nimepiga magoti nyuma ya ghala.

Na ulipotokea kwenye njia ya migombani, nyuma ya baba, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukukimbilia. Ulinikumbatia ukalia, ukawaambia majirani kwamba huyu mtoto ananipenda kuliko wote. Nilikupenda, Mama, na bado nakupenda. Lakini nilichokuwa nashangilia ni kwamba sasa atakupiga wewe.

Sijawahi kumwambia mtu neno hili, hata padri kwenye kitubio. Siliiti dhambi. Mtoto wa miaka minane hana mahali pengine pa kwenda na hofu yake. Lakini limekaa ndani yangu miaka yote hii, na kila Krismasi unaponiuliza kwa nini sioi, ndilo ninalokujibu moyoni. Naogopa nitaleta mtu nyumbani, na siku moja mkono huu utafanya unachokijua. Naogopa nitakuwa na mtoto atakayenisikiliza nyayo.

Basi nikawa nimekaa pale, wazee wananitazama, kibuyu kinanitazama. Nilifungua mdomo nikaganda. Neno lilikataa kabisa kutoka, kichwa kinatikisika, na Telesfori akanitabasamia kwa huruma, akaniambia shemeji usiwe na haraka, rubisi haiendi popote. Katekista akainamisha macho. Ilitoka mwishowe vipande vipande. Nilisema sitavuta kizibo, leo wala siku nyingine. Nilisema dada yangu anakaa, na watoto wote wawili wanakaa, na anayetaka kubishana aende nami Kayanga kwenye ofisi ya ustawi wa jamii tukabishane huko. Nikamweleza balozi habari ya kijiti na uji, kama nilivyokueleza wewe, na hapo hakuna aliyekuwa na kiu tena isipokuwa mmoja.

Telesfori hakufanya fujo, kwa sababu ya macho ya balozi. Aliuliza tu, kwa upole, mtu asiye na mke anajua nini kuhusu nyumba ya mtu. Baba mdogo akasema hilo ni swali la maana. Kisha Telesfori akasimama akamwamuru Joviana achukue kibuyu waende.

Na mtoto akakichukua. Hilo ndilo lililonimaliza. Nimekwisha sema mbele ya wazee kwamba anakaa, na kibuyu bado kimejaa, na yeye anajua vizuri kuliko sisi sote anakokwenda, lakini ameambiwa beba akabeba, akaweka ngata kichwani na kuanza kutembea nyuma ya baba yake. Nilikuwa nainuka nilipomwona Adventina ametangulia. Alikuwa amekaa kwenye kahawa muda wote ule kama mtu ambaye habari haimhusu. Alimfikia binti yake uani, akakitua kile kibuyu kutoka kichwani mwake, akaenda nacho mpaka kwenye baiskeli ya mumewe na kukifunga kwenye keria kwa mpira, akakaza vizuri kisimwagike. Alirudi akakaa kwenye ungo wake, na Telesfori akaondoka bila mtoto. Tangu siku hiyo sijui kama ananishukuru au ananichukia, na nimeamua kutomuuliza.

Hivyo ndivyo kibuyu kilivyorudi kimejaa. Wazee wanasema hawajapata kuona jambo kama hilo kijijini kwetu. Baba mdogo hanisalimii, ananiita mwizi wa watoto wa watu. Ofisini Kayanga nilikwenda na Adventina na balozi. Walitusikiliza, wakaandika, wakasema watamwita Telesfori, ila hawakuniahidi kitu. Wanaweza kunichukulia watoto, najua.

Joviana anafanya kazi zote kabla hajaambiwa, mpaka inatia huzuni. Juzi aliniuliza tukiwa migombani kama ni kweli hatarudi. Nikamwambia nitajitahidi. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa baba atampiga nani?" Nikamwambia hakuna. Akanitazama kwa ile heshima ambayo watoto humpa mtu mzima anapowadanganya, akaendelea kuokota majani makavu. Na mimi katika umri wake ningeuliza vilevile.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Telesfori aliondoka akisema kibuyu kile hakitamwagwa, anakileta Isingiro kwako na kwa wajomba. Anasema mama mkwe akikubali kunywa, neno la mwanawe litakuwa neno la mtoto, na baba mdogo amemwambia ni kweli. Huenda anafika wiki hii. Ataingia amevaa lile shati jeupe, atakupigia magoti, atakuita mama, atakuletea sukari, na atasema shetani alipita. Wajomba watakuwa wamekaa palepale alipokuwa akikaa babu. Nyasi zitakuwa zimetandikwa. Nawe utakuwa umekaa pembeni kama ulivyokuwa ukikaa, umeshika bega lako, unatazama mkono wa mtu kwenye kizibo.

Sikuwahi kujua ulichokuwa ukiwaza pale, Mama. Mimi nilikuwa mbali, nyuma ya ghala, nasali anywe. Lakini nadhani wewe ulikuwa unasali asinywe. Kama ni kweli, basi mfanyie Adventina kile ambacho babu hakukufanyia. Usigombe, usiseme mengi. Waambie tu wajomba kibuyu kisiguswe, wamfungie kwenye baiskeli yake, wakaze vizuri kisimwagike.

Na kama umenikasirikia, njoo unikasirikie huku nyumbani, nafasi ipo, na mbuzi wako anakuulizia. Bibi naye tutambeba kwa lori.

Nisalimie bibi na kikohozi chake, wajomba wote, na yule jirani mwenye mdomo ambaye nina hakika amesimama mlangoni akitaka kujua barua inasema nini. Adventina anakuamkia. Hakuniagiza, ila niliposema nakuandikia aliacha kupembua. Joviana anasema shikamoo bibi, na anauliza kama kwako kuna kazi za kusaidia. Kijiti cha Egbert nilikirudisha kwenye maharage, yamekwisha anza kukipanda, na kila asubuhi mtoto huenda kukitazama kama bado kipo palepale. Salamu zake sijaziandika kwa sababu bado hajazisema. Siku atakapozisema nitaziandika kama zilivyo, hata kama ni neno moja, na nitakuletea mwenyewe kwa miguu.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,

Elpidius Mutalemwa